Sura ya Saba: Makaa Yaliyokunywa Petroli

"Mama Njogu, kwani makaa yako siku hizi yanalewa petroli?"

Jecinta alilitupa swali hilo pale bombani asubuhi moja, ndoo zikiwa zimepangwa mstari, na wanawake wote wa ploti wakacheka. Waithera, ambaye ndiye Mama Njogu, alicheka nao. Akajibu kwamba makaa ya maskini hunywa yanachopewa. Kisha maji yakaja, kila mtu akasukuma ndoo yake mbele, na maneno yakaishia hapo.

Sasa chumba cha Waithera kilikuwa majivu. Vyumba viwili vilivyopakana nacho vilikuwa kuta nyeusi zisizo na paa. Mzee Naftaly, mlinzi wa zamu, alikuwa amelazwa hospitalini na mikono yake imefungwa bendeji, kwa kuwa aliingia motoni kutoa watoto wa watu. Na Waithera mwenyewe alikuwa seli. Kesho yake asubuhi angepelekwa kortini Makadara kujibu shtaka la kuchoma nyumba kwa makusudi, na mwenye kupatikana na kosa hilo hawezi kuhesabu atakula krismasi ngapi gerezani.

"Ulimwuliza hivyo lini?" alisema Sajini Lydiah Koki.

"Kabla ya moto. Juma lile lile."

"Na polisi waliokuja kwanza, mbona hukuwaambia?"

Jecinta alipangusa mikono kwenye leso yake. Walikuwa wamesimama katikati ya uwanja wa ile ploti ya Kariobangi, vyumba vimeuzunguka kama meno, na kichwani mwa uwanja limeegeshwa gari refu la rangi ya maziwa.

"Waliniuliza kama kulikuwa na harufu ya petroli hapa. Nikasema ndiyo, siku nyingi. Wakaandika. Hawakuuliza ilikuwa ikitoka wapi. Sasa Sajini, mtu wa ploti akiulizwa na polisi hujibu alichoulizwa, akafunga mlango."

"Na harufu yenyewe iko wapi leo?"

"Imekwisha." Jecinta aliinamisha kichwa. "Tangu wamchukue Mama Njogu haijanuka tena. Ndiyo maana watu wanasema. Hata mimi nimeanza kusema."

Hilo ndilo lililomfunga Waithera kuliko yote. Koki alikuwa ameambiwa na mkubwa wake, Inspekta Andati, asubuhi ile ile.

"Mwanamke alipewa notisi ya kuhama," Andati alisema. "Akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba akitoka yeye watatoka wote. Petroli ilikuwa ikinuka. Nyumba ikaungua. Amekamatwa, harufu imekwisha. Unataka nini tena, Koki? Malaika aje kutoa ushahidi?"

"Nataka dumu, afande. Hakuna aliyeona dumu la petroli."

"Liliungua."

"La bati haliungui. La plastiki huyeyuka likaganda sakafuni. Nimekwangua sakafu yote. Hakuna."

"Kabla ya jua kutua nataka karatasi ya kukiri, imesainiwa."

"Hatasaini."

"Basi wewe utamsaidia kushika kalamu."

"Hilo nalo halitakuwa, afande," alisema Koki, akapiga saluti na kuondoka.

Alikuwa mwanamke mrefu wa Machakos, mwenye sketi ya kaki na viatu vilivyopigwa soli mara mbili, na hakuwa na mazoea ya kubisha. Ndiyo sababu Andati alibaki akiutazama mlango kwa muda.

Sasa Koki aliuzunguka uwanja polepole, mikono mgongoni. Juu ya ukuta wa choo, mahali moto haukufika, palikuwa na kipande cha gunia, na juu yake yamepangwa mabonge meusi, kila moja kiasi cha ngumi ya mtoto.

"Haya ni ya nani?"

"Ya Mama Njogu mwenyewe. Hakuna mwenye mkono wa kubumba kama wake."

Kila mwanamke wa mitaa ya Eastlands ameyabumba. Gunia la makaa likiisha, hubaki vumbi chini, na vumbi halitupwi. Huchanganywa na udongo mwekundu na maji, huviringishwa, huanikwa juani. Bonge moja huweza kushinda jikoni likiivisha githeri ya mahindi na maharage huku mwenyewe amekwenda kwa shughuli zake.

Koki alichukua bonge akalivunja kwa vidole. Ndani mlikuwa na udongo na vumbi kama kawaida. Lakini kati ya vumbi mlikuwa na punje. Zilikuwa ndogo, ngumu, zote za ukubwa mmoja, kama pilipili manga. Alichukua na bonge la Jecinta kutoka upande wa pili wa ukuta, akalivunja vilevile. Halikuwa na punje hata moja. Akayanusa yote mawili. La Jecinta lilinuka udongo. La Waithera lilikuwa na harufu nyembamba ya mbali, kama shati la mfanyakazi wa petroli stesheni lililofuliwa likaanikwa.

"Jecinta, washa jiko. Liweke hapa katikati, mbali na milango. Na ndoo ya mchanga kando. Watoto wote ndani."

Jiko liliposhika, Koki alitia kwanza bonge la Jecinta. Likafuka moshi kidogo, likaanza kuiva polepole kama makaa yenye adabu. Akaliondoa kwa koleo, akatia la Waithera. Halikufanya lolote.

"Unaona?" alisema Jecinta. "Makaa ni ma…"

Bonge likapasuka. Moto ukaruka *fuuu* juu ya jiko, wa manjano wenye kiuno cha buluu, ukafika kifua cha mtu mzima. Jecinta alirudi nyuma akaita Yesu. Koki akamwaga mchanga.

"Hilo ni moja," alisema. "Yeye alitia mangapi?"

"Alikuwa akichemsha githeri, Sajini. Angejaza jiko." Jecinta alishika kinywa. "Na pazia lake liko hapo hapo. Na dari ni ya katoni!"

"Umejionea mwenyewe," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mzee Gichuru, mwenye ploti. Alivaa koti jeusi la mzee wa kanisa, na shingoni mwake ulining'inia uzi uliopotelea ndani ya shati. Alitikisa kichwa kwa huzuni nyingi.

"Nilisema, hamkunisikia. Alikuwa akiloweka makaa kwenye petroli. Mwanamke nimempangisha miaka, nimemzikia mume, na shukrani yake ndiyo hii. Sajini, hata wewe sasa huna swali."

Majirani walikuwa wamejitokeza milangoni. Mmoja akaguna, mwingine akasema kumbe ni kweli. Jaribio la Koki lilikuwa limegeuka likamwangukia Waithera, ambaye alitaka kumwokoa. Koki alimpa Gichuru mgongo. Alikwenda akasimama mbele ya gari.

Lilikuwa gari la Kimarekani, usukani upande wa kushoto. Gichuru alilinunua kwa mzungu mmoja wa ubalozi aliyemaliza kazi yake akarudi kwao. Boneti ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, kama wafanyavyo wote wasiotaka kuamka wakakuta betri imekwenda matembezi. Hata kifuniko cha tangi kilikuwa cha kufuli.

"Gari zuri, Mzee. Fundi wako nani?"

"Fundi?" Gichuru alicheka. "Hilo halijaguswa na fundi tangu litoke kwa mzungu. Mafundi wa hapa? Utampa gari akurudishie baiskeli." Akavuta ule uzi, na funguo mbili zikatokea. "Hizi haziondoki kifuani mwangu. Hata mama watoto hajui zinavyoingia."

"Hata akienda kuoga huenda nazo," alisema Jecinta, na watu wakacheka. "Lakini gari lenyewe, Mzee, Jumapili si tulilisukuma? Tumefika kanisani tunatoa jasho kuliko kwaya."

"Mafuta ya siku hizi yana maji."

"Limekuwa likizimika hivyo siku zote?" aliuliza Koki.

"Ah, wapi!" Jecinta aliwahi kujibu. "Lilikuwa likinguruma kama simba. Ni baada ya moto ndiyo limeanza kiburi. Linakwenda mwendo mfupi, linakohoa, linalala. Likipumzika linaamka tena."

"Mwanamke, kachote maji," alisema Gichuru.

Koki alikuwa akimtazama. Mzee alikuwa amezirudisha zile funguo ndani ya shati, na mkono wake ulikuwa bado umezikandamiza hapo juu.

*

Waithera alikuwa amekaa wima kwenye sakafu ya seli, kitambaa cha kichwa mapajani, kwa maana walikuwa wamemwambia asikivae.

"Kama umeleta ile karatasi, irudishe," alisema kabla mlango haujafunguka vizuri. "Mkono wangu umejifunza kuandika jina langu shuleni, darasa la nne. Haukufundishwa kuandika uongo."

"Sikuleta karatasi." Koki alifungua kiganja. "Nimeleta punje."

Waithera aliziangalia. "Hizo nilizizoa chini ya gari la Mzee."

"Chini ya gari?"

"Fundi alikuwa akilifungua. Akatoa kopo jeusi, akalipasua mdomo, akamwaga hizo chini. Makaa! Lundo zuri, halina hata jiwe. Nikasema sitayaacha yakanyagwe."

"Mzee alikuwa wapi?"

"Alisimama hapo hapo kama wewe unavyosimama. Akaniambia, zoa Mama Njogu, ni makaa tu, yasinichafulie uwanja."

"Hukuyasema haya kwa aliyeandika maelezo?"

"Niliyasema. Koplo aliweka kalamu chini akacheka. Akaniuliza tangu lini gari likapika ugali." Waithera aliinua macho. "Tangu hapo sikusema tena. Mtu akicheka kabla hujamaliza, huyo hataki kujua."

"Na yale maneno, kwamba ukitoka watatoka wote?"

"Niliyasema, na hata leo nayasema. Mzee anataka kubomoa ajenge maduka. Akiweza kunitoa mimi niliyekaa kuliko wote, nani atabaki? Hiyo ilikuwa hesabu, Sajini. Haikuwa kiberiti."

"Mzee anasema hakuna fundi aliyeligusa gari lake."

Waithera alikunja kitambaa mapajani. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Basi Owino, fundi wa barabara ya Outer Ring, ni jini. Jini lenye kofia nyekundu, linalojisifu mchana kutwa."

*

Owino alikuwa chini ya gari, miguu nje, akiimba. Banda lake lilikuwa mabati manne juu ya nguzo, na kando ya barabara yamelala magari yasiyo na magurudumu kama ng'ombe wanaocheua.

"Mzee Gichuru?" alijibu akiwa huko huko chini. "Simjui. Gari la usukani wa kushoto? Sijawahi kuona."

Koki alikuwa akitazama nguzo. Pamejaa vitu vilivyotundikwa: minyororo, mikanda, na kopo moja la plastiki nyeusi, nene, kiasi cha kopo la kilo la mafuta ya kupikia. Lilikuwa limekatwa mdomo na kujazwa misumari. Juu lilikuwa na vinundu vya kuunganishia mabomba ya mpira. Alilitungua, akamwaga misumari chini, akaligeuza akaligonga kwenye kiganja. Ikaanguka punje moja nyeusi.

Kule chini ya gari wimbo ukakoma.

"Kopo hili lilikuwa na nini, Owino?"

Alitoka akiteleza kwa mgongo, kofia nyekundu imelala upande. Alimtazama Koki, akalitazama kopo, akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa na mkwewe.

"Mama, usinifunge kwa ajili ya kopo. Mzee aliniambia nisiseme. Alisema kuna kesi, na nikijiingiza nitalala ndani."

"Utalala ndani usiposema. Kopo hili hufanya nini?"

Hapo Owino alisahau woga. Alikaa kitako juu ya tairi.

"Sikiza basi, na ujue umekuja kwa fundi. Petroli haitulii kama maji. Jua likipiga tangi, inatoa jasho, ule mvuke unaonusa. Magari yetu haya huutoa nje tu, kila mtu avute. Huko Amerika wakakataa. Wakatoa mpira kutoka tangini, wakauleta mpaka mbele, ukaingia kwenye kopo hili. Ndani ni makaa. Si ya kupikia! Ni ya kupikwa kiwandani, yenye matundu madogo hata jicho halioni. Mvuke ukifika, makaa yanaushika. Gari limesimama, makaa yananywa. Unanipata?"

"Yakishiba?"

"Ndio ujanja wenyewe. Ukiwasha gari, injini inavuta hewa kupitia chini ya kopo. Hewa inapita katikati ya makaa, inaokota ule mvuke, inaupeleka kwa injini kuchomwa. Makaa yanabaki na njaa, yanangoja jua la kesho. Hakuna kinachopotea. Mzungu ni bahili, mama."

"Na wewe ukalitoa."

"Mzee alilia kwamba gari linakunywa mafuta mno. Nikasema tupunguze mapambo. Nani Kariobangi anatafuta hewa safi?"

"Ukamwaga makaa uwanjani."

"Nilitaka kopo, mama. Makaa ya nini? Mama mmoja akayazoa, akanishukuru hata." Tabasamu lilikuwa linamtoka usoni taratibu. "Alikuwa anayapeleka wapi?"

"Jikoni."

Owino alivua kofia.

"Yalikuwa yamejaa," alisema. "Gari lilishinda juani siku mbili kabla sijaligusa. Na ukiyaanika hayaachi yote. Makaa yale yanashika, yanashika, mpaka yapate moto. Sikufikiri mtu angeyapikia. Wallahi… Mungu wangu. Ni ule moto?"

"Ni ule. Sasa niambie, mipira uliifanyaje?"

"Kulikuwa na miwili mikubwa. Wa injini niliuziba kwa bolti, la sivyo ingevuta hewa ya bure. Wa tangi niliuacha wazi."

"Kwa nini wazi?"

"Tangi lazima lipumue! Mzee kwa kuogopa wezi amelitia kifuniko cha kufuli, kimebana kama mlango wa benki. Pua ya tangi imebaki ule mpira peke yake. Nikamwambia, Mzee, litanuka kidogo ukiegesha juani, vumilia. Akasema potelea mbali."

"Alijua, basi, kwamba ile harufu ya uwanjani ni ya gari lake."

"Nilimwambia kwa kinywa hiki."

"Na mtu akiuziba huo mpira?"

"Harufu itakwisha. Lakini gari nalo litakwisha. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii kushika nafasi yake. Jaribu kunywa soda huku umeufunga mdomo wote wa chupa. Utavuta mpaka macho yatoke. Litakwenda kidogo, likohoe, lizime. Lipumzike, likubali tena kidogo."

Koki aliokota misumari yote akaiweka juu ya tairi. Kopo akalitia kwapani.

"Chukua spana zako," alisema. "Tunapitia kwa Jecinta, kisha kituoni."

*

Alasiri jua lilikuwa bado kali. Inspekta Andati alikuwa ameleta meza ndogo kivulini mlangoni pa kituo, karatasi iko juu, kalamu iko juu ya karatasi. Waithera alisimama mbele yake kati ya makonstebo wawili, viatu mkononi.

"Ni mstari mmoja tu, mama. Hapa."

"Nimeuona."

"Basi?"

"Basi umeuona na wewe."

Hapo likaingia langoni gari refu la rangi ya maziwa. Mzee Gichuru alikuwa amekuja kuona mambo yakimalizika. Katikati ya lango gari lilikohoa, likaruka kidogo, likazima. Makonstebo wakatoka wakalisukuma mpaka uwanjani, mmoja akauliza kama na sadaka itapitishwa.

"Afande," alisema Koki, akitokea upande wa barabara na Jecinta na Owino nyuma yake, "kabla hajasaini, naomba tulifungue gari hilo."

"Gari halina kesi."

"Hilo ndilo lenye kesi."

Andati alisimama. Akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia. "Koki, ukinitia aibu mbele ya mzee wa kanisa, kesho utakuwa unaelekeza magari Jogoo Road."

"Nitayaelekeza, afande. Lakini leo nafungua boneti."

Walitazamana. Andati ndiye aliyepepesa macho kwanza. Akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Mzee, ufunguo," alisema Koki.

"Nimeuacha nyumbani."

Koki aliutazama tu ule uzi shingoni. Jecinta akatazama. Makonstebo wakatazama. Gichuru akautoa.

Koki alianza na tangi. Alipokizungusha kifuniko, hewa ilijivuta ndani *fyuuu*, ndefu, hata konstebo aliyesimama mbali akageuka.

"Lilikuwa limenyongwa," alisema Owino.

Mnyororo ukafunguliwa, boneti ikainuliwa. Ndani pote palikuwa na vumbi jekundu la Eastlands lililoshikana na mafuta. Owino aliinama bila kugusa.

"Bolti hii ni yangu. Mpira huu niliuacha wazi. Hicho kitambaa si changu."

Mdomoni mwa mpira palishindiliwa kipande cha taulo. Kilikuwa cheupe. Vumbi la pale lilikuwa limepaka kila kitu isipokuwa hicho.

"Mzee," alisema Koki, "nani alikitia?"

"Huyo huyo fundi. Si unamwona alivyo?"

"Asubuhi uliniambia hakuna fundi aliyeligusa gari hili."

"Basi… watoto wa ploti. Watoto ni watundu."

"Mtoto mwenye ufunguo usioondoka kifuani mwako?"

Gichuru alitia mkono kifuani, mahali funguo zilipozoea kukaa.

Koki alikichomoa kitambaa, akarudisha kifuniko cha tangi akakikaza. Kisha akasimama kando, mikono mgongoni. Hakuna aliyejua wanangoja nini. Jua lilipiga bati la gari. Konstebo mmoja alianza kuuliza, Andati akamnyamazisha. Na polepole ikaja, ikatambaa uwanjani, ikafika mpaka mezani penye karatasi.

"Ndiyo hiyo!" Jecinta alipiga makofi. "Ndiyo hiyo hiyo! Hiyo tuliyoinusa kila siku! Oh, Mama Njogu, na mimi nikawaambia…"

Waithera alivuta hewa kwa pua, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Inspekta," alisema, "kwani nimeficha petroli hata hapa kituoni?"

Konstebo wa kushoto alicheka kabla hajajizuia. Andati hakucheka. Aliichukua ile karatasi ya kukiri akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Koki aliweka lile kopo jeusi mezani, na punje kando yake, akaeleza kwa maneno machache jinsi makaa yalivyonywa, yalivyozolewa na yalivyobumbwa. Kisha akamgeukia mwenye ploti.

"Moto ulikuwa ajali, Mzee. Ungesema hivyo, hakuna ambaye angekulaumu sana. Lakini ulijua harufu ni ya gari lako, maana fundi alikwambia. Ulimwona akizoa yale makaa, na ukamruhusu. Nyumba ilipoungua ukaja hapa ukaapa kwamba petroli ni yake, ukarudi ukaziba mpira ili harufu iondoke pamoja naye. Ulitaka chumba. Ukaona moto umekusaidia."

"Sikuuwasha mimi!"

"Hapana. Uliuota tu."

Andati alikohoa. "Mzee, utaingia ndani uandike maelezo upya. Na safari hii nitaandika mwenyewe."

Lakini Gichuru alikuwa amekwisha kumwendea Waithera, mikono imefunguliwa.

"Mama Njogu. Sisi ni watu wa kanisa moja. Haya tuyamalize kinyumbani. Nina chumba mtaa wa Lucky Summer, cha mawe, kipya, kina dirisha la kioo. Ukae bure mpaka utakapochoka. Sema tu hapa mbele ya afande kwamba umenisamehe na kwamba huna haja na ile ploti. Neno moja."

Waithera hakumtazama. Alimgeukia Koki.

"Sajini, niko huru?"

"Uko huru, Mama Njogu."

"Chumba changu kiko na mlango?"

"Hakina mlango wala paa."

"Basi hakuna wa kunifungia nje."

Alivaa viatu, cha kulia kisha cha kushoto. Akakikunjua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga vizuri, fundo nyuma, bila haraka, kama anayejiandaa kwenda ibadani. Gichuru alikuwa bado anasema, "Mama Njogu, jibu basi. Lucky Summer, nimekwambia. Mama Njogu!"

Akampita ubavuni, akalipita gari lenye boneti wazi, akatoka langoni. Hapo nje, kushoto ni njia ya stendi ya mabasi ya kwenda mashambani, na kulia ni njia ya Kariobangi. Waithera alishika kulia.